Kaye Iliyobaki Gatumba

Kigobe, 3 Septemba 2023

Maman Houda,

Amahoro. Nimefika salama, na mikono yangu bado ina mikwaruzo ya matete. Ulisema maneno ya simu yanapeperuka, basi naandika kwa biro. Mwalimu Mélissa, jirani yako, huja Kigobe kila Ijumaa kumuona mama yake, naye amekubali kutubebea barua. Swahili yangu ni ya Cibitoke nilikokulia, unisamehe panapokosewa.

Nilikuja kwako na vyombo vya kupima maji na diploma yangu ndani ya mfuko, nikidhani nimekuja kupima tu. Wiki tatu baadaye nimeondoka nikijua kupanda ukingo wa mto: majani ya mabingobingo mbele kuvunja nguvu ya maji, matete mistari miwili nyuma yake kushika tope, na ukingo unajinyanyua wenyewe mwaka hadi mwaka. Hakuna saruji. Chef wangu wa kazi, Monsieur Gaspard, alisoma kurasa mbili tu za rapor yangu akaniita ofisini kwake. Anasema proje yetu ya kuzuia mafuriko itapanda ukingo wa mtaa wenu wote kabla mvua haijashika. Fikiria, Maman, nyumba zaidi ya mia mbili ambazo hazitahama tena kila masika na magodoro kichwani.

Nimesahau kaye yangu kwako, lile daftari la jalada la bluu. Nadhani iko chini ya mto nilioulalia. Uniwekee. Nitakuja mwenyewe kabla ya Maulidi, na kitenge na sukari kama ulivyonitania, nikae juu ya ule mkeka ulioniahidi na kusikia neno lako la mwisho.

Wasalimie Maman Fatouma na Papa Ilias.

Mtoto wako,
Joëlla


Gatumba, 14 Septemba 2023

Mwanangu Joëlla,

Salamu nyingi sana. Barua imefika, hata pembe haijakunjika. We mutoto, Swahili yako ni nzuri kuliko ugali wako. Mdogo wangu Fatouma anakubali, na yeye aliula ule ugali kwa adabu tu. Mume wake Ilias anakusalimu. Ile baiskeli ya proje uliyomuachia atengeneze imepona freni. Anaiendesha yeye mpaka utakaporudi, anasema anaipima.

Kaye yako nimeiona. Nimeifunga katika nailoni nikaiweka ndani ya sanduku la bati, pamoja na kofia ya marehemu Mohamadi. Humo ni Kifaransa kitupu, na mi sisomi Kifaransa, basi siri zako ziko salama.

Ulidhani nilikutania juu ya sukari na kitenge. Apana. Sisi wakata matete hatumalizi kumufundisha mutu mara moja. Mohamadi alifundishwa hivyo na mjomba wake, na mi nilifundishwa hivyo na Mohamadi, hata kama nilikuwa mke wake na nalala naye kitanda kimoja. Neno moja linabaki. Mwanafunzi anaenda kwao, tunamuangalia kama atarudi. Akirudi kwa miguu yake, na sukari na kitenge mkononi, anakuta mkeka wake umesukwa. Anakaa juu yake, tunakula, ndipo namwambia neno la mkeka, na kutoka siku hiyo ni mutoto wa nyumba. Asiyerudi alikuwa mwizi tu, na mwizi ameondoka na kazi pungufu. Neno hilo haliandikwi na halitumwi kwa mutu.

Mkeka wako nimeuanza. Nimeufanya mpana maana we unageuka sana usingizini, umenipiga teke usiku wa kwanza na wa pili. Pembeni nitauwekea mstari mweusi wa matete yaliyolala topeni siku saba. Njoo.

Mama yako,
Houda


Kigobe, 15 Novemba 2023

Maman Houda,

Najua Maulidi imepita na sikuja. Usinune, nakuomba. Tangu rapor ipite sijalala vizuri. Wafadhili wamekubali kila kitu, na walitaka kazi ianze siku hiyo hiyo. Sasa nimesikia wafanyakazi wameshafika kwenu na wanapanda. Ningependa niwe hapo, lakini Monsieur Gaspard amenipa kazi ya kuandika kitabu kidogo chenye picha, ili watu wa mito mingine wajifunze kutoka Gatumba. Nakutumia kimoja pamoja na barua hii. Ukurasa wa nne ni mikono yako ikifunga matete.

Ile kaye, mpe Mélissa tu aniletee Ijumaa. Si kitu cha maana, ni hesabu zangu za maji, ila nimeizoea.

Mkeka wangu umefika wapi?

Joëlla


Gatumba, 2 Desemba 2023

Mwanangu Joëlla,

Kitabu nimekiona. Mélissa alinisomea kwa Swahili, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mi nilikuwa nangoja jina langu. Kuna jina la Gaspard, kuna jina lako, kuna jina la aliyepiga picha. Mikono yangu ipo, kichwa kimekatwa. Chini wameandika «mbinu za asili za wenyeji». Nikamuuliza Mélissa, huyu Wenyeji ni nani, anakaa nyumba ya ngapi? Tulicheka, lakini Fatouma hakucheka. Alisema mutu akikupiga picha bila kichwa, anajua sababu.

Basi, hayo ni ya majina, na majina hayazuii maji. Nakuandikia kwa jambo lingine. Wafanyakazi wamepanda ukingo, na katikati ya mistari wamepanga mifuko ya udongo, kutoka darajani mpaka nyuma ya kwa Ilias. Wamepanda kila mahali. Nasema kila mahali. Nilimuuliza kapita wao, msimamizi wa kazi, nani amewaambia wapande hadi pale, akanionyesha karatasi. Nikamwambia toa mifuko ya pale, akaniuliza kwa nini. Sikumjibu. Yeye ni mutu wa kupita, sijala naye.

Neno la mkeka liko karibu sana na jambo hili. Zaidi ya hapo siandiki. Njoo kabla ya masika, usitume mutu. Kutoka Kigobe mpaka huku si Ulaya.

Kaye simpi Mélissa. Kitu kilichoachwa nyumbani kwa mutu kinachukuliwa kwa mkono wa aliyekiacha. Hiyo nayo ni desturi, na safari hii nimeitunga mi mwenyewe ili uje.

Mkeka umekwisha. Umeegemea ukuta, unakungoja.

Houda


Kigobe, 28 Januari 2024

Maman Houda,

Barua yako niliipata kabla ya Noeli. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mafuta hakuna, unajua mwenyewe. Magari ya ofisi yamelala wiki tatu, na watu wanakesha kwenye stesheni za mafuta.

Juu ya jina, umesema kweli na nimeona aibu. Nilimwambia Monsieur Gaspard, akasema nafasi ya ukurasa ilikuwa ndogo, tutalitia mara ya pili.

Juu ya ule ukuta wa matete na mifuko, usiwe na wasiwasi. Wataalamu wamekuja kuuangalia wakasema ni imara, na mimi nimeona picha. Matete yameshika vizuri kuliko tulivyotarajia. Hilo neno lako utaniambia nikija, mwezi wa pili au wa tatu. Sitaki uvunje desturi kwa ajili yangu.

Ila kaye nakuomba sana, Maman. Mpe Mélissa. Ifunge kama ilivyo, hakuna haja ya kuifungua.

Joëlla


Gatumba, 30 Mei 2024

Mwanangu Joëlla,

Nilikungoja mwezi wa pili. Nilikungoja wa tatu. Sasa sikungoji tena, nataka tu usome hii mpaka mwisho.

Maji yaliingia Ramadhani, tarehe ishirini na tatu mwezi wa tatu. Hayakutoka mtoni. Mtoni ukuta wenu ulisimama vizuri, sitausingizia. Mvua ilishuka upande wa barabara, ikaja kutoka nyuma yetu, ikatafuta pa kutokea ikakosa. Tulikaa ndani ya maji siku ishirini na nne. Ng'ambo ya ukuta tuliona mto uko chini, umepungua, na sisi huku maji yako kiunoni. Vyoo vilifurika. Idi tuliswali juu ya barabara. Kisha kipindupindu kikaingia.

Ilias ametutoka tarehe kumi na tisa mwezi wa nne. Aliugua asubuhi, magaribi alikuwa amekwisha. Kila kitu nyumbani kilikuwa kimelowa, hakukuwa na cha kumlaza. Mkeka wako ulikuwa umefungwa juu kwenye boriti, ndio pekee uliokuwa mkavu. Tumemzika nao. Niliusuka mpana, na Ilias alikuwa mutu mnene, ukamtosha.

Juzi tulimaliza arobaini. Watu walipoondoka nilimwita Fatouma chumbani nikamwambia ukweli. Nakuambia na wewe, na Mungu anisamehe nikiandika lisiloandikwa. Neno la mkeka ni njia ya kiboko. Pale kiboko anapopita kutoka mtoni kuja kula majani, hapapandwi. Yeye kwa uzito wake anachimba mfereji, na maji ya mvua yanatokea hapo hapo kurudi mtoni. Ukipaziba umefunga mlango na watu wako ndani. Niliona kapita anapaziba. Nilisimama pale, mi Houda, na neno mdomoni, nikalimeza kwa sababu hujaja na sukari.

Fatouma alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza: «Ulijua tangu mwezi wa kumi na mbili?» Nikasema ndiyo. Akatoka. Tangu hapo hanisalimu, na nyumba zetu zinatazamana. Msikitini wanawake wananipisha nafasi kubwa kuliko mwili wangu.

Mi ndiye nimemuua shemeji yangu, kwa ajili ya desturi. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Houda


Kigobe, 9 Juni 2024

Maman Houda,

Nimelia mpaka wenzangu ofisini wakanifungia mlango. Papa Ilias. Mara ya mwisho alinifundisha kuziba pancha, akasema mwanamke mwenye diploma asisukume baiskeli.

Maman, usijilaumu. Nakuomba uyasome maneno haya polepole. Wewe ulifanya kama ulivyofundishwa, na desturi ina uzito wake, hakuna anayeweza kukuhukumu. Hakuna aliyejua kwamba mambo yatakwenda hivi. Ofisini hakuna aliyejua habari ya njia ya kiboko. Laiti ningejua, ningekuja hata kwa miguu. Ilikuwa qadar, kama mnavyosema ninyi. Maman Fatouma ana uchungu sasa, lakini damu ni damu, muda utamlainisha.

Nimempa Mélissa kilo mbili za sukari na kitenge. Najua zimechelewa.

Kama maji hayakuiharibu ile kaye, nitafurahi kuipata. Kama imeharibika, itupe tu au iwashie moto.

Mtoto wako,
Joëlla


Gatumba, 21 Juni 2024

Mademoiselle Joëlla,

Kaye yako haikuharibika. Nailoni ilitoboka na sanduku liliingia maji, lakini umeandika kwa kalamu ya risasi, na risasi haikimbii maji kama wino. Uliniomba mara nne. Nikasema moyoni, mutoto huyu amelia sana kwa ajili yetu, walau nimkaushie kitu chake. Nikaikata uzi, nikatandaza karatasi moja moja juu ya bati lililolala uani, nikaweka kokoto ili upepo usizibebe.

Mi sisomi Kifaransa. Lakini ukingo wangu naujua. Kwenye karatasi ya kumi na tisa niliuona: huu mto, haya mabingobingo, haya matete mistari miwili. Kisha mistari inakatika. Katikati ya pengo umechora mnyama mwenye mdomo mkubwa. Umemchora vizuri hata meno. Kuna mshale unatoka kwenye nyumba zetu, unapita chini ya tumbo lake, unaingia mtoni.

Niliketi juu ya lile bati la moto, sikusikia hata kama linaunguza. Nikamwita Mélissa. Nikamwambia nisomee, na ukinificha neno moja nitajua. Akasoma. Nimemwambia aniandikie hapa kwa Swahili, usije ukasema nimeota:

«26 Agosti 2023. Asubuhi ya tatu ya kupima, baada ya mvua ya mapema. Maji yote ya mvua yanatokea kwenye njia ya kiboko, upana hatua sita. Isipandwe. Isizibwe. Ikizibwa, mtaa utajaa kutoka nyuma. Maman H. hajaniambia. Nadhani ndilo neno analoniwekea. Sitamwambia kama nimeshaliona, nisimharibie furaha yake.»

Tarehe hiyo ulikuwa unalala kwangu. Jioni yake nilikupikia ndagala kwa mawese, ukala mara mbili.

Basi ulijua. Uliposema wataalamu wameangalia ukuta, ulijua. Nilipokuandikia njoo, neno liko karibu, ulijua neno lenyewe, ndiyo maana hukuja. Hayo yote ningeweza kuyabeba, ofisi zina mambo yake na we ni mutoto wa kuajiriwa. Lakini nilikuandikia kwamba mi ndiye nimemuua Ilias, na we ukanijibu nisome polepole. Ukaniambia laiti ningejua. Uliniona nimebeba jiwe ambalo nusu yake ni lako, ukanifuta jasho, ukaniacha nalo. Na mimi nikakaa siku kumi nikimwomba Mungu akulipe kwa huruma yako.

Sukari na kitenge Mélissa amerudi navyo, utamkuta navyo mlangoni.

Sitaki kitu kwako isipokuwa kimoja. Njoo, ukae mbele ya Fatouma, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulijua. Mi nikimwambia ataona natafuta pa kutokea.

Houda binti Saidi


Kigobe, 2 Septemba 2024

Maman Houda,

Nimeandika barua hii mara saba. Sina haki ya kukuita Maman, lakini sijui kukuita jina lingine.

Ni kweli. Katika rapor ya kwanza pengo lilikuwepo, hatua sita, na nilieleza sababu. Monsieur Gaspard aliniita. Akasema wafadhili hawatatoa kitu kwa ukuta wenye tundu, akasema tena nani atasaini karatasi inayowaachia viboko mlango wa kuingia kwenye mtaa wa watu. Nikamwambia viboko wanapita hapo tangu zamani. Akaniuliza umepima masika mangapi? Nilikuwa nimepima asubuhi tatu. Akasema asubuhi tatu si sayansi. Nikamjibu kuna mama anayejua kwa miaka arobaini. Akauliza huyo mama ameandika wapi? Hukuwa umeniambia hata kwa mdomo. Alifuta pengo kwa kalamu nyekundu mbele yangu, na mimi nikasaini chini. Wiki ile ile walinipa kazi ya kudumu. Nimejidanganya kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Barua yako ya kilio ilipofika, nilianza kukujibu ukweli. Kisha nikaona kwamba wewe umeshachukua lawama yote, na kwamba nikinyamaza hakuna atakayeniuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Sina maelezo mengine.

Siwezi kuja. Ofisi imetukataza kufika Gatumba wala kuandika lolote mpaka uchunguzi wao wa ndani uishe. Nikionekana huko nimefukuzwa, na barua hii yenyewe naiandika kwa siri.

Lakini nakuandikia pia kwa sababu nyingine, na unaweza kunitukana ukitaka. Wamenipa mimi kuongoza awamu ya pili. Ni ukingo mwingine, kusini, kijiji cha wavuvi, nyumba mia na kidogo. Safari hii nimesimama imara. Pengo lipo kwenye ramani, Gaspard amelikubali, hatua sita, na kando yake tumeweka nguzo za zege ili lisizibwe wala lisisogezwe milele. Tunaanza kupanda mwisho wa mwezi. Je, iko sawa? Nimekosa mutu mwingine wa kumuuliza.

Joëlla


Gatumba, 14 Septemba 2024

Mademoiselle Joëlla,

Nilikuwa nimeapa kutokujibu. Nikueleze kwanza kilichotokea, ndipo utajua kwa nini nimejibu.

Hukuja, basi kaye ilienda. Mélissa aliibeba mpaka kwa Fatouma, mi nikabaki mlangoni kwangu nikitazama. Alimsomea ile karatasi ya kumi na tisa, na barua zako zote, na hii ya mwisho nayo. Fatouma alimwomba arudie pale unaposema laiti ningejua. Kisha akanyanyuka, akavuka njia, akaja kusimama mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu arobaini. Nilidhani anakuja kunikumbatia. Nakiri nilishanyoosha mikono.

Akasema: «Kumbe mlikuwa wawili.»

Basi. Akarudi kwake. Nilikuwa nimengoja jina lako linitoe kifungoni, na mdogo wangu alinionyesha kwamba mule ndani kuna nafasi ya watu wawili. We ulijua kwa vipimo vyako, mi nilijua kwa mume wangu, na Ilias ambaye hakujua ndiye aliyekufa. Nimelilalia neno hilo kila usiku.

Sasa ukingo wako wa kusini. Apana, haiko sawa.

Njia ya kiboko haikai mahali pamoja. Tope likijaa, njia inapanda juu, na yeye anahama kutafuta pa chini. Kwa hiyo kila mwaka, baada ya mvua za kwanza, unatembea ukingo wote asubuhi mapema na kutafuta nyayo mpya. Ukiziona, hapo unakata matete hata kama uliyapanda mwenyewe juzi, na pale pa zamani unapanda. Mwaka mwingine mlango uko hatua thelathini na ulipokuwa. Mwaka mwingine iko milango miwili. Nguzo zako za zege zitafunga tope, masika mawili tu, na pengo lako litakuwa juu kuliko nyumba za watu. Zing'oe. Asubuhi zako tatu ulizipima vizuri, sikunyimi hiyo, ila ulipima mlango wa mwaka mmoja. Na huko kama hakuna viboko, waulize wanawake wanaofua wapi tope linachelewa kukauka. Chagua watu wa hapo hapo, wanaolala hapo, wape panga na ruhusa ya kukata bila kungoja karatasi ya Kigobe. Hilo ndilo neno la mkeka, lote. Nusu ya kwanza uliipata mwenyewe, nusu hii ungeipata kwa kilo moja ya sukari.

Nimekupa bila mkeka, maana mkeka wako uko ardhini na mwenyewe unamjua aliyeulalia. Usidhani nimekusamehe. Nimekumbuka tu jinsi nilivyosimama mbele ya kapita na neno mdomoni, na wale wavuvi sijala nao hata siku moja, lakini sitalimeza tena. Kwetu anayepewa neno bila mkeka si mutoto wa nyumba. Ni mpita njia aliyeuliza akajibiwa. Usiniite Maman.

Ukuta wa huku usijali. Mwezi wa saba kiboko alipita kwenye mifuko yenu, akaikanyaga mpaka ikapasuka. Hatukumzuia. Watu walitoka na mapanga wakamsaidia kupanua.

Kaye usinitumie tena mutu kuniomba. Iko kwa Fatouma, na yeye hana haraka nayo. Ukiitaka utamuomba yeye mwenyewe. Nyumba unaifahamu, ni ile ya mwisho, yenye baiskeli yenu mlangoni. Freni zake bado ni nzuri. Hakuna aliyekuja kuichukua.

Houda binti Saidi,
mkata matete, Gatumba